Kabla Hujafika Thika

Hodan binti yangu,

Amani ya Mungu iwe juu yako, na juu ya mabegi yako pia, maana mama yako ameyafunga na kuyafungua mpaka zipu moja imeanza kugoma. Mambo ya safari nimemwachia yeye. Atakwambia pa kuweka kitambulisho, nini cha kula njiani na nani wa kutozungumza naye, na akihisi umesahau atakupigia simu kabla basi halijavuka daraja la Tana. Mimi nakuandikia jambo moja tu. Wewe unalijua, mimi nalijua, na wiki nzima hii tumekuwa tukipishana nalo humu nyumbani tukijifanya hatulioni.

Naandika kwa Kiswahili. Kisomali ndiyo lugha ya kinywa changu, lakini hakuna aliyenifundisha kukiandika, na nikijaribu napoteza nusu saa kwa mstari mmoja. Tena nikikuita barazani tuzungumze, nitaanza kuhutubia. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba nikifika sentensi ya tatu nageuka mwalimu wa zamu. Kwenye karatasi angalau unaweza kuniacha katikati ukanywe chai.

Basi tuseme wazi. Umeitwa na vyuo viwili. Kimoja ni chuo kikuu kule Eldoret, usomee shahada ya uchumi. Kingine ni chuo cha ufundi Thika, usomee kutengeneza majokofu na viyoyozi. Basi la kesho linapita Thika kabla ya kufika Nairobi, na Nairobi ndipo ungepanda gari la Eldoret. Tiketi yako inasema Nairobi. Niliikata mimi, na sikukuuliza.

Naogopa, Hodan. Naogopa ukishuka Thika na naogopa usiposhuka. Nimekuwa nikienda kunywa maji jikoni bila kiu, na mama yako ameniuliza kama tumbo linaniuma. Nimemwambia ndiyo, kwa sababu hilo ni rahisi zaidi kueleza.

Nianze na siku ya dua ya kukuombea masomo. Ndugu yangu, adeer wako Yusuf, alikuja kutoka Kotile na mbuzi, wazee wakajaa uani, na kwa kuwa Mwalimu Mutua alikuwa ameketi nasi, mazungumzo yakawa ya Kiswahili ili jirani yetu asikae kama mgeni. Unakumbuka Yusuf alivyosimama na fimbo yake.

"Sisi nataka brofesa moja kwa hii nyumba," alisema. "Ng'ombe iko. Duka iko. Brofesa hakuna. Sasa Hodan ndio brofesa."

Watu wakacheka, wakaitikia amina. Wewe ulikuwa umeshika sinia ya sambusa. Ukasema, tena kwa adabu kabisa, "Adeer, mimi bado sijaamua. Labda nitasomea friji."

"Friji gani? Hii ya kuweka maji?"

"Hiyo hiyo, adeer."

Nikaona macho ya wazee yote yamenigeukia mimi, si wewe, na nikasema neno la kwanza lililonijia. Nikasema, "Anatania. Anakwenda Eldoret." Ukaweka sinia chini, ukaingia ndani, ukafunga mlango taratibu. Ungeubamiza ningekufuata na kukugombeza, tukagombana, yakaisha. Kule kuufunga kwako taratibu ndiko kulikonikosesha usingizi tangu siku hiyo.

Nilipomsindikiza Mutua mpaka langoni, aliniambia, "Mwalimu, huyo msichana hakuwa anatania."

"Najua," nikamjibu.

"Sasa mbona umesema hivyo?"

Nikamwambia tutaonana shuleni Jumatatu. Hili ninalokuandikia ndilo jaribio langu la kutafuta jibu.

Unajua jinsi nilivyoingia shule? Nimekusimulia kwa utani mara nyingi, lakini nusu tu. Chifu alikuja nyumbani kwetu akasema serikali inataka kila boma litoe mtoto mmoja. Babu yako alitukalisha mimi na Yusuf mbele yake akatutazama kwa muda mrefu. Yusuf alikuwa anajua kila ng'ombe kwa mwendo wake, hata gizani. Mimi nilikuwa na tabia ya kulala malishoni, na ndama walikuwa wameshanipotea zaidi ya mara moja. Babu yako hakusumbuka sana. Akanishika bega akamwambia chifu, "Chukua huyu."

Watu wakisikia kisa hicho hucheka, na mimi hucheka nao. Nusu nyingine ni hii: babu yako hakuwa mtu mkatili. Alikuwa anafanya na watoto kile ambacho kila mfugaji wa kwetu hufanya na mifugo. Wanaokamuliwa unawaweka karibu na boma, waliokauka unawapeleka mbali kwenye majani, na wachache unawaacha kwa shemeji upande mwingine wa mto. Kwa njia hiyo ukame ukipiga mahali pamoja, unabaki na kitu. Mtoto mmoja kwa ng'ombe, mmoja dukani, mmoja shuleni. Hakuna aliyeulizwa anapenda nini, kwa sababu ng'ombe naye haulizwi.

Ukame ukaja kweli. Ulikuwa mdogo, lakini lazima unakumbuka Yusuf alipofika hapa Garissa na watoto wake wote, mkononi ana fimbo na nyuma yake hakuna hata ndama mmoja wa kuchunga. Walikaa nasi mpaka mvua iliporudi. Sisi sote tulikula mshahara wangu wa ualimu. Kila mwisho wa mwezi uliingia, iwe kumenyesha au hakujanyesha. Jioni moja Yusuf aliniambia, bila wivu wowote, "Kumbe baba alikutoa wewe ili utuokoe sisi." Maneno hayo yalinipanda kichwani, nakiri. Tangu siku hiyo digrii kwangu haikuwa karatasi ya kusomea. Ilikuwa mnyama asiyekufa kwa kiu.

Jambo nililochelewa kuliona ni kwamba wakati wangu ulinibeba. Nilipomaliza chuo kikuu, walimu wenye shahada huku kwetu walitafutwa kwa tochi. Sikuandika hata ombi moja la kazi. Afisa wa elimu alinijua jina kabla sijarudi nyumbani. Mimi nikaamini kilichonibeba ni digrii peke yake, na kwa imani hiyo nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka mingi nikiwasukuma watoto wa watu waende chuo kikuu, chochote watakachopangiwa. Baadhi yao wamefanikiwa, na nikikutana na yule dada wa duka la dawa pale karibu na hospitali, ambaye alilia hapa sebuleni kwetu kwamba lazima asomee dawa, nafurahi mpaka naona haya. Lakini yeye alikuwa analilia anachokitaka. Wengine hawakutaka kitu, mimi ndiye niliyetaka kwa niaba yao, na siku hizi wakiniona sokoni hupitia upande wa pili.

Na kaka yako ni mmoja wao, hata kama yeye hapitii upande wa pili.

Bashir alikwenda Nairobi akasoma biashara kwa sababu nilimwambia biashara haina hasara. Alisoma vizuri. Picha yake ya joho iko ukutani, mama yako huifuta vumbi kila Ijumaa. Kisha akarudi, na kazi haikurudi naye. Sehemu unayoifahamu ni ile ya kulala mchana na kukasirika ovyo. Sehemu usiyoifahamu ni kwamba abti yenu, yule kaka wa mama yenu mwenye duka Dagahaley, alinipigia simu mapema sana, akasema ana nafasi dukani, anahitaji kijana mwenye akili wa kusimamia bidhaa. Nilikataa bila kumwambia Bashir. Nilisema, "Mtu wa digrii hapimi sukari." Nilidhani nalinda heshima yake. Kijana akakaa nyumbani mpaka akaacha kwenda msikitini magharibi, kwa sababu wazee walikuwa wanamuuliza kila siku kama amepata, na alichoka kusema inshallah. Mwishowe aliondoka mwenyewe, akaenda kwa abti yake bila kuniaga vizuri.

Nilimpigia juzi kumweleza habari zako. Sikuwa nimemwomba ushauri, nilitaka tu aniambie kwamba niko sawa. Aliniambia, "Aabo, kusoma hakukuniharibia kitu. Nilipenda kusoma. Kilichonimaliza ni kule kukaa nikingoja kazi inayofanana na ile picha." Nyuma yake nilisikia watu wakibishania bei ya mchele kwa Kisomali, na yeye akawajibu haraka haraka, akacheka, akarudi kwangu. Sikuwa nimesikia akicheka hivyo kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Na Hodan mwenyewe anasema nini?" Nikamwambia unasema friji. Akasema, "Basi mbona unaniuliza mimi?"

Nilikata simu nikakaa kitini. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nikifanya. Sikuwa nakupeleka Eldoret wewe. Nilikuwa nakutuma ukamalizie digrii ya Bashir, ili safari hii itoe matunda na mimi nionekane sikukosea. Upande mmoja wa malisho yangu ulikuwa umekauka, nikaamua kukuhamishia wewe huko. Nisamehe kwa hilo, binti yangu.

Sasa usije ukadhani nakusukuma ushuke Thika. Hilo lingekuwa kosa lile lile limevaa nguo nyingine, na kwa kweli mambo ya friji yananitia hofu. Nimekuona sokoni, kwenye kibanda cha maziwa cha mama yako. Ile siku friza ya mama yako ilipogoma na maziwa ya ngamia yakaanza kuchacha, na kila mtu anasema gesi imeisha, wewe ulipiga magoti ukalaza sikio kwenye kompresa ukasema, "Hooyo, si gesi. Feni imeshika vumbi." Nilisimama mbali. Ulikuwa na uso ambao sijawahi kuuona ukiwa na kitabu cha jiografia, na nimekufundisha jiografia mimi mwenyewe. Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliangalia pembeni kuona nani mwingine amekuona. Mama yako naye hataki hata kulisikia jina la Thika, na hayo anayasema huku akitoa maziwa kwenye friza hiyo hiyo. Usimkasirikie. Alitolewa shule ili aolewe, na kila kitabu ulichobeba wewe alikuwa anakibeba na yeye.

Naogopa wateja watakaokuona na hijabu yako, wakuulize fundi mwenyewe yuko wapi. Naogopa paa za mabati za mji huu saa za mchana, na wewe juu yake na kiyoyozi cha mtu. Naogopa maneno ya wanaume karakanani, na maneno ya wanawake harusini, ambayo ni makali zaidi. Naogopa pia kitu kidogo kuliko hivyo vyote: kwamba unapenda kutengeneza friji moja ya mama yako, na kwamba kuitengeneza ya mia kwa mtu anayekudharau ni jambo lingine. Hilo sijui. Wewe pia hujui bado, na ndiyo maana nakutajia.

Na kuna kitu cha chuo kikuu ambacho sijawahi kukwambia kwa sababu nimekuwa nikihubiri mshahara. Katika chumba changu cha kwanza kule niliishi na kijana wa Siaya na mwingine wa Meru. Hakuna hata mmoja aliyejua ukoo wangu, wala aliyejali. Usiku wa kwanza nilijisikia uchi. Baadaye nilijisikia mwepesi. Tulibishana mambo ambayo hayakuwa na faida yoyote, Mungu, mpira, kwa nini milima iko pale ilipo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa mtu aliyeulizwa anafikiri nini. Jiografia niliipenda huko, kwenye ubishi. Ningesikitika kama ungekosa kitu hicho. Pengine Thika nako kipo, kati ya vijana wenye mafuta mikononi. Sijui, sijawahi kusoma chuo cha namna hiyo, na nimewahukumu wanaosoma huko bila kukanyaga.

Ulinionya nisikupe orodha, kwa hiyo sikupi. Nitakwambia tu ninavyojiuliza mimi ninapojaribu kujiweka mahali pako. Sijiulizi ni kipi kina heshima, kwa sababu heshima ya mtaa huu inabadilika. Nilipotolewa mimi, shule ilikuwa ya mtoto asiyefaa malishoni. Leo wazee wale wale wanalilia profesa. Kesho watalilia kitu kingine, na hawatakuomba radhi. Najiuliza juu ya siku ya kawaida. Siku ya Jumanne isiyo na sherehe, hakuna picha inayopigwa, hakuna mjomba anayekutaja. Umeamka, na mbele yako kuna kazi ile ile ya jana. Ukiwa umeshika kitabu cha uchumi siku hiyo, utakuwa mtu gani? Na ukiwa umeshika bisibisi? Mimi jibu lako silijui, na naona aibu kwamba nimekulea miaka yote hii na silijui.

Lingine ni dogo. Wakubwa tunapenda kusema mlango ukifungwa umefungwa, tunawatisha watoto. Si kweli kila wakati. Kuna fundi anayerudi kusoma akiwa na nywele nyeupe, na kuna mwenye shahada anayejifunza ufundi baadaye. Lakini sitakudanganya pia kwamba hakuna gharama. Nafasi ya Eldoret ukiiacha huenda isirudi jinsi ilivyo. Miaka ukiitumia mahali moyo wako haupo, hiyo nayo hairudi. Ningekuwa na uhakika ni hasara ipi ndogo ningekwambia sasa hivi nikalale.

Jioni hii, baada ya isha, nimempigia Yusuf. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa babu yako. Nilimwambia, "Hodan hakuwa anatania siku ile. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Akauliza, "Sasa brofesa nani?" Kwa Kisomali tulikuwa tunaongea, lakini neno hilo hulisema vile vile.

Nikamwambia sijui. Labda wewe, labda hakuna.

Akasema mbuzi ameshaliwa, hawezi kudai arudishiwe. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu ambaye hajawahi kuingia darasani. "Akishuka huko Thika, mwambie asiseme amekosa nafasi ya chuo kikuu. Watu watamwonea huruma, na huruma itamla. Aseme ametaka mwenyewe." Akaongeza, "Na mimi hakuna aliyeniuliza, Abdullahi. Huenda ningependa kusoma." Tumeishi ndugu maisha yote na hajawahi kunitamkia hilo. Nikamtakia usiku mwema.

Kwa hiyo njia ya kwa adeer wako iko wazi upande wowote. Wazee wengine nitawakabili mimi. Wakiniuliza umekwenda wapi nitawaambia umekwenda ulikoamua, na wakicheka nitakunywa chai yangu. Mama yako nitazungumza naye wewe ukiwa umeshaondoka, kwa sababu nikianza sasa hakuna atakayelala. Kama ada itatofautiana, hiyo ni shughuli yangu na si hoja ya kufikiria ndani ya basi.

Barua hii nitaiweka mfuko wa mbele wa begi lako dogo, uisome mkishapita Mwingi, jua likiwa limechomoza na abiria wengi wamelala. Nitakapokuaga kituoni nitakuwa mchache wa maneno. Usifikiri nimekasirika. Nitakuwa nauzuia mdomo wangu usikuambie la kufanya.

Nina ombi moja. Utakapokaribia Thika, usinipigie simu. Nitakuwa nimeishika mkononi tangu asubuhi, na nikiliona jina lako tu nitasema endelea na safari, kaa kitini, shika njia ya Eldoret. Nitayasema hayo kwa hofu, kabla sijafikiri, kama nilivyosema siku ya dua, na wewe una adabu, utanitii. Najijua, Hodan. Usinipe nafasi hiyo.

Nipigie ukishafika. Popote utakapokuwa umefika, nitapokea.

Aabo wako,
Abdullahi